Madarasa ya Kabete na Askari Waliorudi Vitani

Sanamu tatu za shaba zilizosimama Kenyatta Avenue, katikati ya Nairobi, hazina hata jina moja la mtu. Maandishi ya chini yake yako kwa Kiingereza na Kiswahili, na pia kwa herufi za Kiarabu. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, na ahadi yake ni kwamba mwanamume akiipigania nchi akafa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1928 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kazi ya kukumbuka majina wakaachiwa watoto. Serikali yenyewe haikuchonga hata moja.

Nimeanzia hapa kwa sababu natafuta jambo ambalo sanamu haziwezi kunieleza. Askari Mwafrika aliporudi nyumbani, je, serikali aliyoipigania ilimlipia masomo? Jibu liko nje ya katikati ya jiji, upande wa magharibi, Kabete. Lakini kabla ya kupanda matatu kuna jengo la kutazama.

Kwenye barabara hii hii, palipokuja kuwa sinema ya Cameo, palikuwa na ukumbi ulioitwa Theatre Royal. Humo ndimo mwaka 1919, wakati wa Gavana Edward Northey, ilipochezeshwa bahati nasibu ya mashamba. Walioruhusiwa kushiriki ni wanajeshi wenye asili ya Ulaya peke yao. Zaidi ya ekari milioni mbili zilitengwa, nyingine za bure, nyingine za kulipia polepole. Huko Kericho, ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis walipewa maofisa waliolemaa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa, na kabla ya miaka mingi kupita ardhi ile ikawa ya makampuni ya chai. Wakipsigis hawakurudishiwa.

Mpagazi naye alipata nini? Jina la mtaa, Kariokor, na hilo lenyewe ni la kikosi chake, Carrier Corps, lilivyotamkwa na wenyeji. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi haikudaiwa na mtu kwa kuwa jamaa zao hawakujulikana. Oscar Watkins, Mwingereza aliyeisimamia idara ya wapagazi, alipiga kelele miaka mingi kwamba fedha hizo ni za Waafrika na ziwafaidi Waafrika. Alikuwa ofisa wa serikali akiidai serikali, na kazi hiyo haijawahi kumpendeza bosi yeyote.

Shule moja hata hivyo ilitoka kwenye vita vile. Salio la mfuko wa msaada wa vita lilikabidhiwa umoja wa misheni za Kiprotestanti, likasaidia kuianzisha Alliance High School kule Kikuyu mwaka 1926. Misheni ya Kikuyu ilikuwa na deni lake la moyoni, maana mwaka 1917 Daktari John Arthur alikuwa ameongoza wapagazi wa kujitolea wapatao 2,000 kwenda vitani. Alliance imelea mawaziri, majaji na maprofesa, na sina neno juu ya hilo. Ila mpagazi mwenyewe, aliyerudi na mgongo uliochubuka na watoto wa kulisha, hakukalia dawati lake. Fedha za mfuko ule zilikwenda kwa shule, na shule ikachagua wanafunzi wake. Mtindo huo tutaukuta tena mbele.

Matatu ya Wangige inayopitia Lower Kabete huacha Westlands na magorofa yake, ikapanda Spring Valley kwenye kuta ndefu na mageti ya chuma, kisha barabara inaanza kupinda katikati ya miti. Konda ananishusha kwenye geti la Kenya School of Government. Mlinzi anataka kitambulisho. "Mzee, umekuja kozi?" Namwambia nimekuja kuangalia mahali tu, naye ananitazama kama mtu aliyezoea watu wenye barua rasmi.

Mahali hapa palianza mwaka 1925 kwa jina la Jeanes School. Anna Jeanes alikuwa tajiri wa Philadelphia, wa dhehebu la Quaker, aliyeacha mali kwa ajili ya shule za watu weusi vijijini kusini mwa Marekani. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, kutoka Marekani, ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza mtindo wa shule hizo uletwe huku. Walimu walikuja Kabete na wake zao, wakaishi kwenye nyumba za mfano wa kijijini. Mume akifundishwa kukagua shule za vijijini na kulima bustani, mke akifundishwa usafi na malezi. Elimu iliyokusudiwa ni ya kumrudisha mtu kwao akiwa bora zaidi. Kumtoa kwao hakukuwamo.

Vita vya Pili vilipowaka, jeshi liliichukua shule. Kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika Mashariki kiliwafunzia hapa wakufunzi wake Waafrika, ambao walipelekwa kwa wenzao vikosini kufundisha kusoma, kuandika, hesabu na habari za dunia. Karibu Wakenya laki moja walivaa sare. Wengi wao walishika kalamu mara ya kwanza wakiwa Ethiopia, Madagaska au Burma, na barua ya kwanza waliyoandika kwa mkono wao iliulizia ng'ombe, mahari na mtoto aliyezaliwa baba akiwa hayupo. Waliporudi mwaka 1945 na 1946 walikuwa na akiba kidogo na kiu kubwa ya shule.

Sasa, ng'ambo ya bahari, Rais Franklin Roosevelt alikuwa ametia saini sheria ya wanajeshi wastaafu tarehe 22 Juni 1944. Serikali ya Marekani ilimlipia askari ada hadi dola 500 kwa mwaka, na juu yake posho ya kila mwezi, naye akachagua chuo mwenyewe. Hadi mwaka 1956 karibu milioni 8 walikuwa wameitumia, na milioni 2 na ushee kati yao walikwenda vyuo vikuu. Askari weusi wa kusini walizibiwa milango mingi, kwa kuwa vyuo vilikuwa vya ubaguzi na ofisi za kuidhinisha zilishikwa na weupe. Hata hivyo karatasi ya haki ilikuwa na jina la mwanajeshi.

Kabete karatasi ilikuwa na jina la kozi. Jeanes School ilirudi mikononi mwa raia ikawapokea askari waliovua sare. Wengine walifundishwa biashara ya duka na kuandika hesabu, wengine ualimu, na wengine kazi ya ustawi wa jamii ili wakasimamie kumbi za mikutano kule wilayani. Wake zao walikuja tena kama zamani. Baadaye msimamizi alikuwa Thomas Askwith, mtu mpole kwa kipimo cha serikali ile, ambaye mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa United Kenya Club, mahali ambapo watu wa rangi zote wangeweza kula meza moja. Sitamdharau. Lakini hata chini ya mtu mwema, askari aliyetaka sheria, uhandisi au udaktari hakuwa na fomu ya kujaza. Serikali ililipia masomo yaliyomfaa mtu wa kijijini kama ilivyomwona yenyewe.

Upande wa Waiyaki Way, ukipita Kangemi, kuna Kabete National Polytechnic. Ilianza miaka ile ile ya 1920 kama depo ya kufunza mafundi Waafrika, na baada ya vita askari waliorudi walijifunza humo useremala na uashi. Nadhani hao ndio waliofaidi zaidi. Nairobi ilikuwa inajengwa, na fundi mwenye cheti hakuhitaji ruhusa ya mtu kuwa na maana.

Jeanes School nayo haikukaa na askari muda mrefu. Tom Mboya, ambaye hakuwahi kuwa askari, alisomea hapo ukaguzi wa afya kati ya 1948 na 1950. Mwaka 1961 pakawa Kenya Institute of Administration, chuo cha kuwaandaa maofisa wa Kiafrika wa kuchukua viti vya Waingereza, na sheria ya mwaka 2012 ikapageuza kuwa Kenya School of Government.

Na wale ambao hawakupata Kabete? Waruhiu Itote wa Nyeri alipigana Burma. Njiani, Calcutta, alizungumza na askari mweusi wa Marekani, na mazungumzo hayo hakuyasahau. Aliporudi alipata kazi ya kuchochea moto kwenye injini za reli. Mwaka 1954 alikamatwa msituni akiwa kiongozi wa Mau Mau kwa jina la Jenerali China, akahukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa akapelekwa gereza la Lokitaung, kaskazini kwenye joto na mawe. Humo alimkuta Bildad Kaggia, naye askari wa zamani aliyehudumu Mashariki ya Kati na Uingereza, pamoja na Jomo Kenyatta. Kenyatta alimfundisha Kiingereza gerezani. Baada ya uhuru Itote akawa miongoni mwa viongozi wa National Youth Service, iliyoanzishwa mwaka 1964 kuwapa vijana wasio na kazi nidhamu na ufundi, na mwaka 1967 East African Publishing House ya hapa Nairobi ikachapisha kumbukumbu zake, kwa Kiingereza.