Shanga, pasi na pikseli: namna picha za nukta zilivyozaliwa

Mtoto anakaa mbele ya kibao cha plastiki chenye vijiti vidogo vilivyopangwa kwa mistari. Katika kila kijiti anavika ushanga mmoja wenye tundu: mwekundu kwa ajili ya kofia, wa kahawia kwa masharubu, wa buluu kwa suruali. Akimaliza, mtu mzima anafunika kazi hiyo kwa karatasi ya kuokea keki, anapitisha pasi ya moto polepole, na shanga zinashikana. Kinachotoka kibaoni ni Mario, yule fundi mwenye kofia wa michezo ya video.

Kazi hii inapendwa leo na watoto na watu wazima wa Ulaya, Marekani na Japani. Lakini shanga hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya Mario, wala kwa ajili ya watoto.

Zilianza Vittsjö, mji mdogo wa kusini mwa Uswidi, mwishoni mwa miaka ya 1950. Gunnar Knutsson alizitengeneza kwa plastiki inayolainika kwa joto, na zikaitwa Nabbi. Watumiaji wa kwanza walikuwa wazee. Kushika kitu kidogo, kukilenga na kukiweka mahali pake ni mazoezi ya vidole na ya akili, na shanga zilitumiwa kama tiba. Baadaye watoto walizipenda, zikawa mchezo wao. Katika Denmark jirani kulikuja shanga za Hama, jina lililoundwa kwa herufi za kwanza za Haaning na Malte, mwenye kiwanda. Marekani zinajulikana zaidi kwa jina la Perler. Ushanga wa kawaida wa Hama una upana wa milimita 5 tu.

Wakati huo, wahandisi wa michezo ya video walikuwa na shida yao. Mashine zao zilikuwa na nguvu kidogo na kumbukumbu ndogo sana. Picha yote ilibidi ijengwe kwa pikseli, yaani nukta ndogo za mraba, na nukta zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Mwaka 1978, Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alitoa mchezo wa Space Invaders. Mmoja wa viumbe wake ana upana wa nukta 11 na urefu wa nukta 8. Ndani ya miraba 88 iliingia pembe, macho, mikono na miguu.

Mario naye alizaliwa katika uhaba huo, mwaka 1981, katika mchezo wa Donkey Kong. Shigeru Miyamoto hakuwa na nukta za kutosha kuchora mdomo, akamwekea masharubu. Nywele zilikuwa kazi ngumu, akamvika kofia. Mikono haikuonekana vizuri ikitembea mbele ya kiwiliwili, akampa ovaroli ya rangi tofauti na shati. Sura inayojulikana leo dunia nzima ilitokana na kukosa nafasi.

Huko Marekani, Susan Kare alichora alama ndogo za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984. Alianzia kwenye daftari la miraba, 32 kwa 32, akijaza mraba mmoja mmoja. Mwenyewe alieleza kwamba kazi hiyo inafanana na ufundi wa zamani wa kupanga vijiwe vya rangi na wa kutarizi kwa sindano. Ndiyo maana shanga za Uswidi na michezo ya Japani vilipatana bila shida: pikseli moja, ushanga mmoja.

Kwa wakaaji wa Kongo, wazo la kupanga shanga kwenye ubao ili ziseme kitu si geni. Katika ufalme wa Waluba, kule Katanga, kulikuwa na lukasa: ubao wa mti unaoshikika mkononi, uliopambwa kwa shanga, simbi na michoro. Walioutumia walikuwa watu wa chama cha mbudye, waliofundishwa kutunza historia ya ufalme. Msomaji alishika ubao kwa mkono wa kushoto na kufuata shanga kwa kidole cha mkono wa kulia, huku akitaja wafalme, safari, vijiji na mahali patakatifu. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa chifu na watu wake. Mstari wa shanga uliweza kuwa njia.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Mario anajulikana kwa kumtazama tu. Lukasa haijieleza kwa macho. Inamtaka mtu aliyefundishwa, na rangi ileile iliweza kubeba habari nyingine kufuatana na msomaji na siku yenyewe. Leo lukasa kadhaa ziko katika makumbusho ya ng'ambo, mojawapo katika Brooklyn Museum, New York. Shanga zake bado zimeshika mahali pake. Wasomaji hawakusafiri nazo.

Mario wa miaka ya 1980 hajapotea kwa sababu watoto wanampanga upya kila siku, ushanga kwa ushanga, na wanajua yeye ni nani. Lukasa haiwezi kulindwa kwa kioo na kufuli peke yake. Inahitaji mzee mwenye majina ya wafalme na njia za kale kichwani, na kijana anayekaa karibu naye kusikiliza. Kule Uswidi shanga zilitoka mikononi mwa wazee zikafika kwa watoto. Katika nchi ya Waluba, wazee wanaokumbuka habari hizo wanastahili kuulizwa wangali hai.