Kuchagua Pa Kukaa: Mafunzo ya Kufa kwa Watu wa Lugarawa

Wapo wanaodhani kuwa anayeogopa kujenga bondeni au chini ya mlima amepungukiwa na tawakkul. Historia ya Makhalifa haikubaliani nao.

Waislamu walipokaa Al-Madain baada ya kuifungua, hali ya hewa iliwadhoofisha hata rangi zao zikabadilika. Sayyidna Umar (r.a.) hakuwaambia wasubiri tu. Alimwandikia Saad bin Abi Waqqas (r.a.) atafute ardhi inayowafaa. Wakatumwa Salman na Hudhaifa (r.a.) kuikagua, na mwaka 17 Hijria (638) ukaasisiwa mji wa Kufa. Nyumba za matete zilipoungua, aliruhusu matofali. Na alipofika Saragh akasikia tauni imeingia Sham, alirudi, akieleza kuwa anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah.

Haya yanatuhusu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliifunika Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Lugarawa, wilayani Ludewa, nayo ni nchi ya milima. Anayetafuta kiwanja awaulize wazee maji hupita wapi mvua zikizidi. Wala asifyeke miti ya mteremkoni juu ya jirani yake, kwani kanuni ya fiqhi ni kutodhuru wala kudhuriana.

Waliofikwa tusiwalaumu: Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyeangukiwa na kifusi kuwa ni shahidi. Wa kuulizwa ni aliyeijua hatari akanyamaza.

Wallahu aalam.