John Gagliardi

John Gagliardi (1 Novemba 1926 – 7 Oktoba 2018) alikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani, mwenye ushindi mwingi kuliko kocha yeyote katika historia ya mchezo huo vyuoni: mechi 489, akifungwa 138 na kutoka sare 11. Alizaliwa Trinidad, jimbo la Colorado. Ukocha ulimwangukia mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 16, kocha wa shule yake alipoitwa jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Alifundisha Chuo cha Carroll, Montana, kuanzia 1949, kisha 1953 akahamia Saint John's, chuo cha watawa Wabenedikto huko Collegeville, Minnesota. Hapo alikaa hadi alipostaafu mwaka 2012. Alitwaa ubingwa wa taifa mara nne: 1963, 1965, 1976 na 2003. Mwaka huohuo wa 2003 aliipita rekodi ya kocha mwenzake Eddie Robinson ya ushindi 408.

Kilichomtofautisha zaidi ni mazoezi yake. Alipiga marufuku wachezaji kuangushana mazoezini, jambo ambalo makocha wengi wangeliona wazimu katika mchezo wa kugongana. Hakutumia filimbi, na hakutaka kuitwa "kocha". Aliitwa John tu. Zoezi mojawapo lilikuwa kulala chali nyasini na kumwambia mwenzako jinsi siku ilivyo nzuri.

Tangu 1993, tuzo ya mchezaji bora wa Daraja la Tatu, ngazi ya vyuo visivyotoa ufadhili wa michezo, hubeba jina lake.