Ukinzani: jani la mhindi linapofunga njia

Mwaka 1897, F. C. Stewart alieleza ugonjwa uliokuwa ukiua mahindi matamu huko Long Island, jimbo la New York. Mmea hunyauka kama uliokosa maji, hata udongo ukiwa na unyevu. Ukikata shina, ute wa manjano hutoka kwenye mirija yake. Kwa Kiswahili tuuite mnyauko wa Stewart, maana wakulima wa nyanya na migomba wanalo neno mnyauko siku nyingi.

Anayeueneza ni mbawakawa mweusi wa milimita mbili hivi, anayeruka kama kiroboto. Hukwangua ngozi ya jani, na bakteria aitwaye Pantoea stewartii huingia kupitia jeraha hilo. Bakteria hao huvuka majira ya baridi wakiwa ndani ya utumbo wa mdudu, kwa hiyo baridi kali ikiwaua wadudu, ugonjwa hupungua. Neil Stevens alitoa hesabu yake mwaka 1934: jumlisha wastani wa joto wa Desemba, Januari na Februari kwa kipimo cha Fahrenheiti. Ikizidi 100, hatari ni kubwa; ikiwa chini ya 90, mkulima anaweza kushusha pumzi.

Ndani ya jani, bakteria huhamia kwenye zailemu, mirija inayopandisha maji kutoka mizizini. Wakiwa wachache hutulia. Wakishajaa hutoa ulenda mzito wa sukari, mirija ikaziba, na jani likakauka kwa kiu.

Mihindi yote haishindwi kwa namna moja, na hapo ndipo istilahi inapohitajika. Kiingereza kina neno moja kwa mmea unaozuia ugonjwa, kwa kimelea kisichosikia dawa na kwa waya unaopunguza mkondo wa umeme. Kiswahili kimeshaanza kuyatenganisha, na ni vyema kiendelee. Usugu umekwenda kwa vimelea: nchini Tanzania, usugu wa vimelea dhidi ya dawa una hata kifupi chake, UVIDA. Kuuita mmea wenye afya "sugu" ni kuupa sifa ya adui yake. Kinga nayo inaahidi mno, kana kwamba bakteria hawataingia kabisa.

Lakini wanaingia. Chukua majani mawili yaliyoumwa na mbawakawa yuleyule. Kwenye mhindi dhaifu, mlia wa kijani kilichopauka wenye kingo za mawimbi huanzia penye jeraha, hugeuka manjano, kisha kahawia, na huweza kufuata mishipa karibu urefu wote wa jani. Kwenye mhindi imara, mlia huohuo huishia sentimita chache tu kutoka kwenye jeraha. Bakteria wamo, ila njia imefungwa. Kitenzi cha jambo hilo tunacho: kukinza, yaani kuzuia kinachotaka kupita. Ukinzani ndio jina lake, na wanafunzi wa fizikia wanalijua kutoka kwenye somo la umeme, ambako nako mkondo hubanwa bila kukatika kabisa.

Wamarekani waliuona ukinzani huo ukifanya kazi katika miaka ya 1930, mnyauko ulipovamia mashamba baada ya majira ya baridi hafifu. Golden Cross Bantam, chotara la mahindi matamu, likasimama pale mbegu za zamani zilipoanguka.

Ustahimilivu ni jambo jingine. Mmea stahimilivu huacha bakteria wasambae, majani yakachakaa, na bado ukabeba mavuno ya kuridhisha. Matangazo mengi ya mbegu huandika "inastahimili magonjwa" kwa hali zote mbili, na kosa hilo si dogo. Mbawakawa akila jani lililojaa bakteria huwabeba hadi shamba la jirani. Akila jani lililowabana kwenye sentimita chache, huenda akaondoka bila mzigo. Mwenye duka la pembejeo anapoulizwa mbegu ipi inafaa, jibu lake linamgusa pia jirani ambaye hayupo dukani.