Usukani, Steringi na Mhimili: Maneno ya Gari Katika Milima ya Usambara

Fomu ya matengenezo ya gari ni maandishi mafupi sana, na pengine ndiyo sababu wafasiri hawayahesabu kuwa sehemu ya kazi yao. Miaka kadhaa iliyopita tulionyeshwa fomu moja iliyojazwa kwa ajili ya Land Rover kuukuu iliyokuwa ikifanya kazi Mponde, katika milima ya Usambara. Mahali pa kueleza ubovu palikuwa na maneno mawili tu: "Usukani mbovu." Mtunza stoo wa ofisi iliyohusika alitekeleza kama alivyoandikiwa. Alitoa usukani mpya, lile duara analolishika dereva. Ukafungwa, na fomu ikatiwa sahihi. Gari likarudi barabarani na ubovu wake ule ule, kwa kuwa kilichokwisha hakikuwa usukani bali kiungo kimoja cha fimbo za chini zinazogeuza magurudumu. Dereva aliligundua jambo hilo katika kona ya kwanza ya mteremko, akasimamisha gari na kukataa kuendelea. Alifanya vyema, kwani kona za barabara zile zina ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kosa hilo lilivyozaliwa. Hatumlaumu aliyejaza fomu, maana neno alilolitumia ni Kiswahili safi na cha kale. Tunaona kwamba chanzo cha kosa kimo katika historia ya neno lenyewe.

"Usukani" ni neno la baharini, lenye asili ya Kiarabu. Katika jahazi, usukani ni ule ubao ulioko tezini, ndani ya maji, unaokielekeza chombo. Anachokishika msukani si ubao huo bali ni "kana", yaani mkono wake. Magari ya moto yalipoingia nchini, neno "usukani" lilipanda nchi kavu, kama vile "rubani", kiongozi wa vyombo vya majini, alivyokuja kupanda angani baadaye. Lakini katika kupanda huko neno lilibadili mahali. Baharini lilitaja ncha inayofanya kazi. Katika gari likataja ncha inayoshikwa. "Kana" likabaki pwani, na sehemu yote iliyo kati ya mikono ya dereva na magurudumu ikawa haina jina. Ubovu mwingi wa kuelekeza gari huzaliwa katika sehemu hiyo hiyo.

Nafasi hiyo haikukaa wazi kwa muda mrefu. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo mizigo ya milimani ilipanda kwa barabara. Neno "gari" lilikwisha kuja kutoka Kihindi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala ulipokuwa wa Kiingereza, vipuri na vitabu vya ufundi navyo vilikuja na lugha hiyo. Fundi aliyejifunza kazi kwa kutazama aliyasikia majina ya vyuma na kuyatamka kwa ulimi wake: breki, springi, beringi, ekseli, tairodi, boljointi, kingipini. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulika zaidi na usanifishaji na vitabu vya shule. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuta gerejini msamiati uliokwisha kukomaa bila kuongozwa na kamati yoyote.

Tuitazame sasa Land Rover yenyewe, gari lililoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Ilifaa sana mahali kama Mponde, ambako chai hulimwa miteremkoni na majani mabichi hayana budi kufika kiwandani mapema kabla hayajaharibika, hata wakati wa masika. Mifano yake ya zamani, iliyotengenezwa hadi mwaka 1985, ina ekseli ya mbele iliyo nzima na ngumu, iliyofungwa kwenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Dereva akizungusha usukani, mwendo hupita katika nguzo yake hadi kwenye boksi la steringi. Huenda kwa fimbo hadi kwenye kiungo cha kati kilichosimikwa mbele ya fremu. Hupita katika fimbo nyingine hadi gurudumu moja. Kisha tairodi hulivuta gurudumu la pili. Katika safari hiyo mna boljointi 6. Kila moja ikilegea kidogo tu, dereva atazungusha usukani kwa kipimo kinachoonekana kabla ya gari kuitikia.

Fundi hulitambuaje kosa liliko? Hapa ndipo mwanaisimu anapojifunza jambo. Majina ya vyuma ni ya kukopa, lakini ugonjwa hutajwa kwa vitenzi, na vitenzi ni vyetu: gari "linavuta", usukani "unacheza", magurudumu "yanatetemeka", steringi "imekuwa nzito", kitu "kinagonga". Kila kitenzi kina njia yake ya uchunguzi.

Usukani ukicheza, gari huachwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare. Mtu mmoja huutikisa usukani kidogo kushoto na kulia, na mwingine hulala chini na kuweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu. Kiungo kibovu ni kile ambacho upande wake mmoja unasogea na wa pili unachelewa. Baada ya hapo gari huinuliwa kwa jeki. Fundi hulishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, anayeshukiwa ni beringi ya gurudumu au kingipini, yaani zile pini mbili, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu hugeukia. Ili kuwatenganisha washukiwa hao, mtu wa pili hukanyaga breki. Mchezo ukitoweka, kosa ni la beringi, kwa sababu breki imeufunga mchezo wake; ukibaki, kosa ni la kingipini.

Gari likivuta upande mmoja, hutazamwa kwanza upepo wa matairi, kisha breki iliyong'ang'ania, kisha springi: bolti yake ya katikati ikikatika, ekseli husogea na kukaa mshazari. Steringi ikiwa nzito, hutazamwa upepo, grisi na oili, na kingipini zilizokazwa kupita kiasi. Zikilegea kupita kiasi, magurudumu hutetemeka, ijapokuwa mtetemo huweza pia kuletwa na tairi lisilo na uwiano. Na kitu kikigonga wakati gari linakata kona huku magurudumu ya mbele yakivuta, huchunguzwa kile kiungo chenye umbo la msalaba kilichomo ndani ya ekseli.

Lakini si kila uzito ni ubovu, na hapa pana mtego kwa mfasiri. Kitabu kinapozungumzia gari la aina hii, wengi huandika "gari la magurudumu manne". Maneno hayo hayamwambii msomaji lolote, maana hata teksi ina magurudumu manne. Maana inayotakiwa ni kwamba injini huyasukuma yote manne. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Land Rover hizi za zamani hazina difu ya katikati ya kuyaruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kutofautiana mwendo. Dereva anayetoka katika utelezi wa Mponde akiwa ameweka "fowili", kama wasemavyo madereva, na kuingia lami ya Soni bila kuitoa, atakuta steringi imekuwa nzito katika kona na gari linasita. Atakayeandika katika fomu kwamba steringi ni mbovu atawafungulisha mafundi vyuma vizima, ilhali dawa ni kurudisha gia mahali pake.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, "usukani" libaki jina la kile anachokishika dereva, na "steringi" likubaliwe kwa mfumo wote ulioko baina ya mikono yake na magurudumu. Pili, "mhimili" lisilazimishwe gerejini. Ni neno zuri la nguzo ya nyumba na la jiografia, lakini katika gari linachanganya ekseli nzima, isiyozunguka, na shafti zinazozunguka ndani yake. Anayeagiza "mhimili wa mbele" hajui ataletewa kipi. Tatu, "gari la magurudumu manne" liachwe, na badala yake iandikwe "gari linalosukumwa kwa magurudumu yote manne", ijapokuwa ni refu.

Tunajua kwamba kanuni za kuunda istilahi hutanguliza hazina ya Kiswahili na ya lugha za Kibantu kabla ya kukopa. Hatuzipingi. Tunasema tu kwamba katika jambo hili hazina hiyo imo zaidi katika vitenzi kuliko katika majina, na ni vitenzi hivyo ambavyo fomu zetu hazivipi nafasi. Fomu ingeuliza, "Gari linafanya nini, na wakati gani?", dereva yule wa Mponde angaliandika, "Usukani unacheza nikiingia kona," na mtunza stoo asingaliweza kumletea duara jipya. Walimu wa shule za ufundi na wakuu wa karakana za serikali wanaweza kuanza na swali hilo kesho, bila kungoja kamusi.