Lile Paa la Choo cha Ushago Sasa Ndiyo Fasheni

Kila nikiposti picha ya nyumba mpya ya Mutomo, maoni yanagawanyika. Nusu wanasema "kali sana, utadhani uko Runda." Nusu wanasema hiyo si nyumba, ni nyumba iliyokatwa katikati na nusu nyingine ikaibiwa. Wote wanaongea juu ya kitu kimoja: lile paa linaloanza juu upande mmoja na kuteremka moja kwa moja mpaka upande wa pili, bila mgongo hapo katikati. Paa la upande mmoja. Wauzaji wa ramani kule Instagram wanaliuza kama kitu cha juzi.

Si cha juzi. Na nadhani tunalibishania kwa swali ambalo si lenyewe.

Kama umelelewa ushago, hili paa unalijua tangu utotoni. Choo cha shimo kina paa la upande mmoja. Banda la kuku, hivyo hivyo. Kibanda cha mama mboga. Zile rumu za ploti zilizopangwa kwa mstari, milango mbele, mabati yakiteremka kuelekea nyuma. Sababu ni hesabu tu: ukuta mmoja unaupandisha, mwingine unauacha chini, unalaza mbao juu yake, unapiga mabati, jioni umemaliza. Hakuna mgongo, hakuna kofia ya bati pale juu. Ndiyo maana kwa miaka mingi paa hilo lilimaanisha "hii ni ya muda." Nyumba ya kweli ilikuwa na pande mbili, na aliyefanikiwa zaidi aliweka pande nne.

Halafu kuna maduka. Angalia maduka ya zamani, yale ya Wahindi, katika miji mingi ya Kenya. Mbele kuna ukuta umepanda kupita paa, umeandikwa jina la mwenyewe na mwaka wa kujengwa. Zunguka nyuma sasa. Mara nyingi utakuta mabati yanateremka upande mmoja kuelekea uani. Huo mtindo wa kuficha paa nyuma ya ukuta, ambao leo unalipia ramani, mwenye duka alikuwa nao kabla babu yako hajaoa.

Lakini kabla ya mabati halikuwezekana kabisa, na hapa ndipo historia inanoga. Gerhard Lindblom, Msweden aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliandika kitabu kuhusu Wakamba kilichotoka 1920. Nyumba anazozieleza ni za duara, fremu ya fito iliyokunjwa, nyasi zikishuka mpaka karibu na ardhi. Nyasi zina sheria yake: zinataka mteremko mkali, tuseme nyuzi 45, la sivyo maji yanakaa, zinaoza na nyumba inavuja. Sasa piga hesabu. Nyumba ya upana wa mita 10 ukiiezeka nyasi kwa upande mmoja kwa nyuzi 45, ukuta wa juu utaupita wa chini kwa mita 10. Hiyo ni ghorofa tatu hivi za ukuta kwa ajili ya paa tu. Nani atajenga?

Bati ndilo lililobadilisha mambo. Mwingereza Henry Robinson Palmer, injinia wa bandari ya London, alipata hataza ya bati lenye mikunjo mwaka 1829. Ile mikunjo si urembo, inalipa bati jembamba nguvu ya kubeba uzito bila kupinda. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kulipaka zinki lisishike kutu. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, mabati yalikuja nayo, yakapita Kibwezi, na Nairobi ya kwanza kabisa ilikuwa mji wa mabati na mahema. Kufikia 1962 tulikuwa na kampuni ya kuyatengeneza hapa kwetu, Mabati Rolling Mills. Bati linaweza kulala karibu tambarare. Ile nyumba yetu ya mita 10 ukiiezeka kwa nyuzi 10, ukuta wa juu unaupita wa chini kwa chini ya mita 2. Hapo sasa inajengeka.

Basi choo kilitokaje hapo mpaka kuwa masonet? Hiyo safari ilipitia mbali. Mwaka 1965, pwani ya kaskazini ya California, wasanifu wanne, Moore, Lyndon, Turnbull na Whitaker, walimaliza kujenga nyumba za Sea Ranch. Mahali penyewe ni upepo mtupu kutoka baharini. Walitazama mazizi ya zamani ya eneo lile, wakachukua paa la upande mmoja na kuliinamisha ili upepo upande juu yake na kupita. Kingo za paa hazikutokeza nje, maana upepo ungezishika. Madirisha yakawa makubwa, kwa sababu kule kuna ukungu na baridi na watu wanalitafuta jua. Miaka ya 1970 mtindo ukaenea Marekani kote, na wajukuu wake ndio wale unaowasevu Pinterest saa sita usiku.

Ona kilichotokea. Hata huko lilianza kama paa la zizi. Wao walikuwa na sababu ya kila kipande: upepo, ukungu, baridi. Sisi tumechukua picha, sababu tukaziacha California.

Mutomo tuna jua. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana jua liko karibu juu ya kichwa, na kuta zinazopigwa hasa ni za mashariki asubuhi na magharibi alasiri. Ukikata kingo za paa kama Sea Ranch, ukuta hauna kivuli. Ukiweka ule upande mrefu wenye vioo utazame magharibi, saa tisa sebule inakuwa tanuri la matofali. Nimeketi kwenye sebule ya namna hiyo, nyumba ya jamaa, mapazia mazito yamefungwa mchana kutwa na taa imewashwa. Kioo cha ukutani kizima, na hakuna anayeona nje! Upande mrefu ungetazama kaskazini au kusini, shida hiyo ingepungua sana, na bei ni ile ile.

Lakini hata jua si jambo kubwa. Jambo kubwa ni maji.

Watu wa Mutomo tayari wanajua paa kubwa la upande mmoja linafanya kazi gani, kwa sababu wamezungukwa nayo. Ni miamba. Miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa udongo na maji hapa Mutomo uliofadhiliwa na Danida, na moja ya kazi zilizofanyika Kitui kusini ni kuvuna maji ya miamba. Unajenga kijiukuta kifupi cha mawe na saruji juu ya mwamba, kikiinama kidogo tu, mvua ikinyesha maji yote yanaufuata ukuta mpaka bwawani au kwenye tangi chini. Erik Nissen-Petersen, Mdenmark aliyefanya kazi hii Ukambani miaka mingi, alitoa kitabu kizima cha maelekezo mwaka 2006. Mteremko mmoja, mfereji mmoja, tangi moja. Hiyo si ramani ya nyumba hiyo?

Shangazi yangu anajenga sasa hivi, nje kidogo ya mji. Mita 14 kwa 10, paa la upande mmoja. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 30 kwenye paa lake ni lita 4,200. Toa sehemu moja ya tano kwa maji yanayoruka na kupotea, bado ni mitungi 168 ya lita 20. Mvua moja! Linganisha na nyumba za pande mbili huko kijijini: nyingi zina mfereji upande wa mbele tu, nusu ya mvua inamwagika nyuma na kuchimba msingi. Hizo zingepata mitungi 84. Kwa mtu anayenunua maji ya punda Septemba akingoja mvua za vuli, hiyo tofauti si ya kubishania kwenye maoni.

Shida ni kwamba ramani aliyouziwa ina ukuta wa kuficha paa pande zote. Mfereji umefichwa ndani, nyuma ya ukuta, na una bomba moja jembamba linaloshuka kwenye kona. Majani ya mwarobaini yakiziba hilo bomba, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya dari. Na kwenye ramani yote, kurasa sita, zenye hadi maua na gari jeusi limeegeshwa, hakuna tangi. Mchoraji aliweka bembea. Tangi hakuliweka.

Nilimwambia shangazi mambo matatu. Abaki na paa lake, ni zuri. Ule ukuta wa kuficha auondoe upande wa chini, mfereji uwe nje ambapo mtu mwenye ngazi anaufikia, na uwe mpana, kwa sababu sasa unabeba maji ya paa lote na mvua ya Kitui ikija haiji kwa upole. Na msingi wa tangi uchimbwe pamoja na msingi wa nyumba, kabla pesa hazijaishia kwenye vioo.

Akamgeukia fundi: "Umesikia mtoto wa shule? Ni ngapi?" Fundi akasema kuupanua mfereji si kazi, ila tangi la saruji ataliweka bei kando. Mpaka leo wanavutana kuhusu hiyo bei, na ule ukuta wa upande wa chini umefika dirishani.