Bunduki Kuukuu za Usambara: Umri wa Chuma na Umri wa Habari Zake

Bunduki kuukuu ya uwindaji ikionekana Lushoto, wepesi wa kusema ni ya Mjerumani unaeleweka. Mji huu uliitwa Wilhelmstal, reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na walowezi walipanda mlimani na silaha zao. Hata hivyo, nashikilia kwamba mwaka bunduki ilipoundwa, nchi ilikotoka na siku ilipoingia Usambara ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina ushahidi wake.

Silaha za moto zilitangulia utawala wa Wajerumani hapa. Mbegha, mwasisi wa ukoo wa Wakilindi uliotawala Usambara, anasimuliwa kuwa mwindaji wa nguruwe aliyetegemea mbwa na mikuki. Lakini baada ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa ukoo huo, kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alijipatia nguvu kwa biashara ya pembe na watumwa, akapata bunduki na baruti kutoka pwani. Hizo zilikuwa gumegume na magobore ya kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Atatokea wa kusema: basi kila gobore ni la enzi za Semboja. Sivyo. Mafundi wa vijijini wameendelea kuunda magobore kwa vipande vya bomba hadi karne ya 20, kwa hiyo umbo la kale halithibitishi uzee.

Bunduki ya kiwandani hujieleza vizuri zaidi. Bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka 1871 hupokea risasi moja tu kwa wakati, yenye kipenyo cha milimita 11 na baruti nyeusi; ile ya 1898 ina nafasi ya risasi tano. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891, iliyoanza kutumika 1893, iliagiza mitutu ijaribiwe na kupigwa mihuri ya taji juu ya herufi. Muhuri wa tai juu ya herufi N ni wa kuanzia 1940. Mtutu wenye muhuri huo haukuletwa na mlowezi wa kabla ya 1914, hata familia nzima iape.

Je, muhuri utatosha? Hautoshi, na vita vya Tanga vya Novemba 1914 vinaonyesha sababu. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser za 1871, ambazo moshi wake uliwafichua. Waingereza waliposhindwa waliacha bunduki nyingi, nazo zikagawiwa kwa askari wa Wajerumani. Aprili 1915 meli Rubens iliwaletea Wajerumani silaha nyingine katika ghuba ya Manza. Hivyo bunduki ya Kiingereza ingeweza kufika milimani mikononi mwa askari wa Mjerumani, na muhuri wake usiseme lolote. Hapo ndipo neno la mzee lina thamani: chuma hupinga tarehe isiyowezekana, na masimulizi hutaja mikono iliyoishika.

Kwa hiyo nawasihi wenye silaha hizi: msisugue mtutu wala kupaka rangi kitako kabla mihuri na nambari zote hazijapigwa picha, na andikeni maelezo ya wazee wangali hai. Isiyo na kibali ipelekwe polisi pamoja na maelezo hayo.